Vitabu Visivyojiita vya Nyimbo

Mtu akiingia duka la vitabu Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi akauliza kama kuna vitabu vya nyimbo za asili, mara nyingi ataoneshwa vitabu vya nyimbo za dini, vitabu vya mitihani ya fasihi simulizi vyenye mfano wa wimbo mmojammoja, na pengine kijitabu cha watoto wa chekechea. Atatoka akiamini kwamba nyimbo za wazee wetu hazikuandikwa, au kwamba ziliandikwa na wageni zikafungiwa Ulaya. Sura hii inaikataa imani hiyo. Nyimbo za Afrika Mashariki zimekuwa zikiandikwa na kupigwa chapa kwa zaidi ya miaka 150, nyingi zikiwa na maneno yake kamili, ila zimelala ndani ya vitabu ambavyo majalada yake hayataji wimbo hata kidogo: vitabu vya hadithi, vya desturi, vya safari, vya historia ya wanawake, hata vya vinyago vya udongo. Anayetaka kujenga mkusanyiko wa vitabu vya nyimbo za kwetu inambidi asome ndani ya kitabu kabla ya kukiacha rafuni. Nami nadai zaidi ya hapo. Vitabu hivyo visivyojiita vya nyimbo, kwa sehemu kubwa, vimeutunza wimbo vizuri kuliko vile vilivyokusudiwa tangu mwanzo kuwa diwani, na kwa hiyo ndivyo vinavyostahili kuwa msingi wa mkusanyiko.

Tuanze na mwaka 1870, Edward Steere alipochapisha London kitabu chake Swahili Tales, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Jina linaahidi hadithi, na hadithi zimo, lakini humo mna pia habari za shujaa Fumo Liyongo pamoja na mashairi yanayonasibishwa naye. Miaka 33 baadaye, mwaka 1903, kilitoka Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli. Juu ya jalada lipo jina la Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maneno ya ndani ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mtoro hakukaa kuandika diwani. Alieleza mtoto anavyozaliwa na kulelewa, jando na unyago, harusi, pepo na uganga, misafara ya bara, ngoma na wanaozicheza, na kila alipofika mahali ambapo watu huimba aliandika wanachoimba. Karibu na kitabu hicho kipo kingine cha Velten, Prosa und Poesie der Suaheli cha mwaka 1907, na kabla yake Anthologie ya Carl Büttner ya mwaka 1894. Halafu yupo Karl Weule, aliyetembea kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906 akiwa na fonografu ya kunasia sauti, na katika kitabu chake cha safari akaandika nyimbo alizozisikia. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner na kutoka mwaka 1909 kwa jina la Native Life in East Africa. Kwa anayetafuta nyimbo, hakuna neno hata moja katika jina hilo linalomwambia asimame.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Hans Cory. Alikuwa Mwaustria aliyeishi Tanganyika miaka mingi, akaifanyia serikali ya kikoloni kazi ya utafiti wa jamii, na hati zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1956 alichapisha African Figurines, kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya wari kaskazini mashariki mwa nchi, kwa Wazigua, Wasambaa na majirani zao. Msomaji wa sanaa za mikono atakichukua, msomaji wa nyimbo atakipita. Ila kinyago katika mafunzo yale hakikuwa cha kutazamwa tu. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na kila wimbo ulikuwa na fundisho lake, hivi kwamba kungwi alionesha, akaimba, akafafanua. Cory aliandika vyote vitatu pamoja: umbo, wimbo na maana. Sijui diwani yoyote ya nyimbo za jando na unyago iliyofanya kazi hiyo kwa uangalifu wa namna ile, na inaelekea ilifanyika kwa sababu mwandishi hakuwa akitafuta nyimbo. Alitaka kujua kinyago kinasema nini, akagundua kwamba jibu limo katika wimbo.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Ukitazama majina ambayo Kiswahili chenyewe kimezipa nyimbo, utaona kwamba mengi yanataja shughuli kabla ya kutaja sanaa. Wawe ni za wakulima, kimai ni za mabaharia na wavuvi, hodiya ni za kazi, nyiso ni za jandoni, mbolezi ni za msibani, bembelezi ni za mama na mtoto. Wabajuni wana vave zao zinazofungamana na uchomaji wa mashamba, na watu wa Lamu na Mombasa wana vugo linaloambatana na harusi na pembe inayogongwa. Wimbo katika jamii hizi una mahali pake pa kazi, na anayeieleza kazi kwa uaminifu hulazimika kuuandika wimbo. Ndiyo maana umejaa katika vitabu vya desturi, na ndiyo maana unapokuwa huko unakuja na jamaa zake wote: nani anauanzisha, nani anaitikia, saa ngapi, kwa ngoma gani, na nini kitatokea ukiisha. Kuutoa wimbo humo na kuuweka peke yake katikati ya ukurasa mweupe ni kama kuuza jembe bila mpini. Chuma ni kilekile, lakini halilimi.

Yapo madiwani yanayoonesha hasara hiyo. Jan Knappert, Mholanzi aliyechapisha mengi kuhusu tungo za Kiswahili, alitoa mwaka 1972 kitabu kiitwacho A Choice of Flowers, au Chaguo la Maua, chenye nyimbo na mashairi ya mapenzi, na mwaka 1979 akatoa Four Centuries of Swahili Verse. Vitabu hivi vina mambo mengi mazuri na siwezi kumshauri mtu avikose. Hata hivyo wahakiki wa Kiswahili wamevilaumu, na lawama iliyo nzito kwangu ni ya upungufu wa habari: mara nyingi msomaji hapewi cha kutosha kumjua aliyetoa utungo, ulikotoka, au ulivyofika mkononi mwa mhariri. Wimbo wa mapenzi ulioimbwa na mwanamke wa ngoma ya lelemama kumchoma mpinzani wake, na wimbo wa mapenzi ulioimbwa na baharia akiwa mbali na nyumbani, vyote viwili vitasomeka kama maua. Msomaji hana njia ya kujua kwamba mmoja una mwiba.

Upande wa pili wa mizani naweka kitabu cha Frank Gunderson, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania, kilichotolewa na Brill mwaka 2010. Hiki kinajiita cha nyimbo, na kina zaidi ya 300, lakini kimepangwa kwa kufuata kazi za watu. Wamo wawindaji wa tembo, wawindaji wa nungunungu, wale bayeye washikao nyoka, wapagazi wa misafara, vikundi vya kulima kwa zamu, wakulima wa pamba, wanajeshi, na waimbaji wa siasa za baada ya uhuru. Kwa kila wimbo kuna maneno ya Kisukuma, tafsiri, na maelezo ambayo kwa wingi yanatoka kwa waimbaji na wazee wenyewe. Kwa hiyo wimbo wa mpagazi haubaki kuwa maneno ya kuchekesha kuhusu mzigo; unakuwa ushahidi wa njia iliyokwenda pwani, wa deni, wa mke aliyeachwa nyuma. Gunderson alijifunza kutoka kwenye vitabu vya desturi kile ambacho watunzi wa madiwani walikisahau. Mtu akiniuliza kitabu kipi kitumike kama kipimo cha kupimia vingine vyote, nitamtajia hiki.

Pingamizi la kwanza naliona linakuja. Huenda msomaji akasema: mbona Waswahili wana madiwani ya fahari, na je, tungo za Muyaka si nyimbo? Kweli, mpaka kati ya shairi na wimbo kwetu ni mwembamba. Ibrahim Noor Shariff ameeleza vizuri katika Tungo Zetu, kitabu cha mwaka 1988, kwamba aina nyingi za tungo za Kiswahili hutambulika pia kwa mahadhi yake, na kwamba utungo uliozoeleka kusomwa kimyakimya darasani ulitungwa uimbwe. Lyndon Harries katika Swahili Poetry ya mwaka 1962 alijumuisha tumbuizo na nyimbo fupi pamoja na tendi ndefu. Basi madiwani yawemo rafuni. Lakini tazama jinsi diwani iliyo bora inavyofanya kazi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vinywani mwa watu na kumpa William Taylor pamoja na maelezo ya mambo yaliyozizaa. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akazirudia mwaka 1979 akiziweka katika historia ya Mombasa, Lamu na Wamazrui. Anayesoma Abdulaziz anaelewa kejeli ambazo msomaji wa mistari mitupu angezipita. Diwani hiyo inasimama kwa sababu imebeba ndani yake kitabu cha historia.

Mahadhi ndiyo shida kubwa zaidi, na hapa vitabu vya desturi navyo vinashindwa. Mtoro hakuandika nota, na Cory vilevile. Wimbo wenye maneno tu umekatwa nusu, na mara nyingine nusu iliyobaki hewani ndiyo iliyokuwa na nguvu. Kenya ina ushahidi wa jambo hili usiopingika. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki chini ya Graham Hyslop ilipotafuta wimbo wa taifa, mahadhi yaliyochaguliwa yalitoka kwenye bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, na maneno mapya yakatungiwa juu yake. Mamilioni ya watu wanayajua mahadhi yale kwa moyo. Wanaojua bembelezi yenyewe, mama anavyoiimba na wakati anaoiimba, ni wachache mno nje ya Wapokomo. Mmoja wa wanakamati ile, George Senoga-Zake, alitoa mwaka 1986 kitabu Folk Music of Kenya, nacho kinastahili kununuliwa mapema kwa kuwa kinashughulikia mahadhi, ala na maneno pamoja. Kwa Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitangulia mwaka 1955 na African Music from the Source of the Nile, kitabu cha muziki wa Baganda chenye nyimbo zilizoandikwa kwa nota na mwanamuziki aliyezaliwa ndani yake. Okot p'Bitek alichagua njia nyingine katika Horn of My Love ya mwaka 1974: maneno ya Kiacholi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, bila nota, lakini kwa jicho la mtu aliyecheza ngoma zile mwenyewe. Vitatu hivi vikikaa pamoja vinafundisha kwamba hakuna kitabu kimoja kinachotosha.

Wapenzi wa nyimbo wa kwetu huvisahau vitabu vya kanisani, nao ni wa kulaumiwa kwa hilo. Vitabu vilivyotolewa Makumira, karibu na Arusha, chini ya Howard Olson kuanzia miaka ya 1960 vilichukua mahadhi ya makabila ya Tanzania na kuyatungia maneno ya Kikristo, na mara nyingi vinataja mahadhi yametoka kwa watu gani. Kwa anayeyatafuta mahadhi, hiyo ni hazina. Maneno yamebadilishwa, hilo ni wazi, lakini mwendo wa sauti umeandikwa kwa namna ambayo mwalimu wa kwaya wa kijijini anaweza kuusoma leo akauimba. Vitabu vingi vya wataalamu havijafika hapo.

Kisha zipo orodha. Hugh Tracey alirekodi muziki Uganda, Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaanzisha mwaka 1954 taasisi ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM huko Afrika Kusini, na santuri za mfululizo wake wa Sound of Africa zinazidi 200. Orodha iliyochapishwa mwaka 1973 inaeleza kila kipande: mwimbaji, ala, lugha, mahali, na muhtasari wa wimbo unasema nini. Hakuna mtu anayesoma orodha kwa burudani, lakini katika mkusanyiko wa nyimbo kitabu hicho kinafanya kazi ya daraja, kwa sababu kinamwezesha msomaji kuoanisha ukurasa na sauti. J. W. T. Allen naye aliandaa orodha ya miswada na kanda za maktaba ya Dar es Salaam, ikachapishwa mwaka 1970. Kitabu cha namna hiyo kinaeleza kilichoko hata kama hukimiliki, na mkusanyaji mwenye fedha kidogo anakihitaji kuliko tajiri.

Hapo linazuka pingamizi la pili, ambalo vijana hulitoa kwa haki: kama sauti zipo, na kama simu ya mkononi inaweza kurekodi harusi nzima kwa picha na sauti, vitabu ni vya nini tena? Nakubali kwamba picha ya video inaonesha vitu ambavyo hakuna mwandishi atakayeviweza: mabega ya wachezaji, mwendo wa mpigaji, mwitikio wa wasikilizaji. Lakini nyimbo za pwani, na nyingi za bara, zimejaa mafumbo, na fumbo halirekodiwi pamoja na sauti. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 na sauti yake ingalipo. Mmoja wa nyimbo zake maarufu unamhusu mtu aitwaye Kijiti. Unaweza kuusikiliza mara 20 ukabaki na huzuni tu usiyojua chanzo chake, mpaka usome Pastimes and Politics ya Laura Fair ya mwaka 2001, inayoeleza kisa cha mwanamke aliyeuawa, mtuhumiwa aliyekimbilia bara, na mashahidi wa kike walioishia kuadhibiwa wao na mahakama ya kikoloni. Baada ya maelezo hayo wimbo unasikika kama shitaka, na hasira ya wasikilizaji wa mtaa wa Ng'ambo wa wakati ule inaeleweka. Wasifu wa Siti aliouandika Shaaban Robert unaongeza upande wa heshima na maadili aliyoyaona yeye katika maisha ya mwimbaji. Sauti, wasifu na historia: wimbo mmoja umehitaji vyote vitatu. Video za leo nazo, zisipoandikiwa maelezo, baada ya miaka 30 zitakuwa na watu wanaocheka na hakuna ajuaye wanachekea nini.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Vitabu vingi nilivyovitaja viliandikwa chini ya ukoloni na kwa faida yake. Weule alifika Lindi mwaka 1906 wakati nchi ingali katika maumivu ya vita vya Majimaji, na watu waliomwimbia hawakuwa huru kumkatalia. Velten alikuwa akitayarisha vitabu vya kuwafundisha maofisa Kiswahili. Je, kuvikusanya si kuwaheshimu waliotutawala? Jibu langu ni kwamba tukivitupa tutawatupa pia watu wetu waliomo ndani. Mtoro bin Mwinyi Bakari alipojaribu kurudi nyumbani mwaka 1905 na mkewe Mjerumani alizuiwa kushuka, akarudi Ujerumani na kufia Berlin mwaka 1927. Alichoacha ni maneno yake ndani ya kitabu chenye jina la mtu mwingine. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890 bila kuona kitabu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji na mwanamuziki, aliwanakilia tungo watafiti kadhaa wa Ulaya, na majina yao ndiyo yaliyong'ara juu ya majalada. Mkusanyaji ana uwezo wa kurekebisha sehemu ya dhuluma hiyo katika orodha yake mwenyewe: Desturi za Wasuaheli iandikwe kwanza chini ya Mtoro, tungo za Muyaka zitajwe pamoja na Sikujua, na Dichtungen in der Lamu-Mundart ya Ernst Dammann ya mwaka 1940 ifungamanishwe na Kijumwa. Tafsiri ya Allen ya mwaka 1981, The Customs of the Swahili People, ilikwisha kumrudishia Mtoro nafasi yake, na toleo hilo liwekwe kando ya lile la 1903.

Kuna madhara mengine ya wakati ule ambayo orodha haiponyi. Kiunguja kilipofanywa Kiswahili sanifu na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, wahariri wengi walizoea kunyoosha lugha ya chochote kilichopita mikononi mwao. Wimbo wa Lamu unaotaja mato ukibadilishwa kuwa macho, kina kinavunjika. Kwa sababu hiyo toleo la zamani lenye lahaja lina thamani kuliko toleo jipya lenye karatasi nzuri, na ukilazimika kuchagua moja, chukua lile lililouacha ulimi wa mwimbaji kama ulivyokuwa.

Pingamizi la nne linahusu siri. Nyiso na nyimbo za unyago hazikukusudiwa kila sikio, na wapo wazee, wanawake hasa, wanaoona kwamba kuziweka katika kitabu kinachouzwa ni kuvunja ahadi waliyoitoa wari. Sioni kwamba jambo hili linajibiwa kwa kusema elimu ni ya wote. Cory na wenzake walikwisha kuchapisha, na hilo halirudishwi nyuma. Tena katika maeneo ambako mafunzo yale yamekoma, huenda ukurasa ule ndio umebaki. Ninachotetea ni utunzaji wenye adabu. Vitabu hivyo viwemo, visomwe na wanaojifunza, lakini sehemu za nyiso zisitolewe na kusambazwa kama burudani, wala zisifundishwe jukwaani bila makungwi wa mahali husika kuridhia. Maktaba zina desturi ya kuweka vitabu fulani kwa kusomwa hapohapo. Mkusanyiko wa mtu binafsi nao unaweza kuwa na rafu ya namna hiyo.

Kuhusu gharama, hali ni nafuu kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vya zamani kama Swahili Tales vimepigwa picha na kuwekwa kwenye Internet Archive, na Oral Literature in Africa ya Ruth Finnegan, ya mwaka 1970, imetolewa upya mwaka 2012 kwa kusomwa bure katika intaneti. Sura zake za nyimbo za kazi, za siasa na za watoto ni mlango mzuri. Jarida la Kiswahili, linalotolewa sasa na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ambalo limepitia majina kadhaa tangu enzi za Kamati, lina makala za nyimbo zisizokusanywa mahali pengine. Humo H. E. Lambert alichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyimbo za ngoma ya beni. Ukisoma makala yake pamoja na Dance and Society in Eastern Africa ya Terence Ranger ya mwaka 1975, ushindani wa vikundi vya beni vya Marini na Arinoti unaanza kueleweka, na unaona jinsi ngoma ya miji ya pwani ilivyobebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi bara. Lelemama za Mombasa zimo katika Muslim Women in Mombasa ya Margaret Strobel ya mwaka 1979. Wanawake Watatu wa Kiswahili, aliyoiandaa pamoja na Sarah Mirza ikatoka mwaka 1991, imewaacha wanawake wenyewe waseme kwa Kiswahili chao.

Vitabu vilivyotawanyika hivyo havitakuwa mkusanyiko mpaka viunganishwe, na kinachoviunganisha ni faharasa ya nyimbo, kazi ambayo mkusanyaji hana budi kuifanya kwa mkono wake. Kila wimbo upate kadi yake: mstari wa kwanza, watu wake, shughuli yake, lugha au lahaja, aliyeutoa, aliyeuandika, mwaka, kitabu na ukurasa, na kama mahadhi yake yamerekodiwa mahali. Wimbo ukionekana katika kitabu cha pili, uandikwe kwenye kadi ileile, maana tofauti za matoleo ndizo zinazoonesha wimbo unavyoishi. Tungo zinazonasibishwa na Liyongo zilikuwa zimeenea katika Steere, katika hati za Taylor, na katika miswada ya Kijumwa, kila nakala na mistari yake, mpaka mwanzoni mwa karne hii jopo la wataalamu, wakiwemo Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir, Ahmed Nabhany, Farouk Topan na Gudrun Miehe, lilipozikalisha pamoja katika Liyongo Songs. Hawakutafuta nakala moja ya kweli ya kuzifuta nyingine. Waliziacha zionekane zikitofautiana.

Mapengo yatabaki, na yanajulikana yalipo. Bembelezi na mbolezi ni chache, kimai ni adimu, na nyimbo za wanawake kwa jumla zimeandikwa pungufu kwa kuwa waandishi wengi walikuwa wanaume waliozungumza na wanaume. Mahali pa kutafutia sasa ni tasnifu za uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Chuo Kikuu Huria, Kenyatta na Moi, ambamo wanafunzi, wengi wao wanawake, wameandika kuhusu nyimbo za jamii zao kwa Kiswahili. Majina ya tasnifu hizo hutaja dhima, mtindo, taswira au jinsia, na uchambuzi huchukua kurasa nyingi. Nyimbo zenyewe huwekwa mwishoni, katika kiambatisho, na mara nyingi zina kijiji, tarehe na umri wa mwimbaji. Tasnifu ikigeuzwa kuwa makala ya jarida, kiambatisho ndicho kinachoachwa kwanza. Kwa hiyo ukimwandikia mwandishi au mkutubi kuomba nakala, omba kiambatisho kwa jina lake.